Waambieni Wakiwa Bado Darasani

Kichanga kinapookotwa, iwe pembeni mwa soko la Lamadi, kwenye shamba la pamba huko Itilima au nyuma ya vyoo vya shule mjini Bariadi, mambo hufuatana kwa mpangilio unaofahamika. Aliyesikia kilio hupiga yowe, watu hujaa, mwenyekiti wa kitongoji humwita mtendaji, mtendaji huwaita polisi, na kabla jua halijazama kijiji kizima kinauliza: mama yake ni nani? Ni haki yao kuuliza. Lakini lipo swali jingine ambalo haliulizwi kwa sauti kubwa kiasi hicho. Huyo mama, aliyejifungua peke yake usiku huku ameng'ata khanga asisikike, aliwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kuna mahali halali pa kumpeleka mtoto wake?

Binti wa kidato cha pili katika shule ya kata hujua mambo mawili kuhusu mimba: kwamba asiipate, na kwamba akiipata ameharibikiwa. Katikati ya hayo mawili kuna miezi tisa ambayo shule haiisemei kabisa, na kuna siku ya kujifungua ambayo haitajwi hata kidogo. Makala hii ni kwa watu wa Simiyu wanaoweza kuziba pengo hilo: mwalimu wa malezi na unasihi, matroni, mkuu wa shule, mjumbe wa bodi, na mzazi anayehudhuria kikao cha shule mara moja kwa mwaka na kukaa nyuma kabisa.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayotisha watu na ndiyo wasiyoisoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mzazi au mlezi mwenye uwezo ambaye kwa makusudi, bila sababu ya msingi, anamtelekeza mtoto wa chini ya miaka 14 na kumwacha bila matunzo. Inamtia hatiani pia anayeuficha kwa siri mwili wa mtoto aliyekufa ili kuzaliwa kwake kusijulikane, hata kama mtoto alitoka tumboni akiwa hana uhai. Na inatambua kosa la mama kumuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 huku akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi, kosa linaloadhibiwa kama kuua bila kukusudia. Hayo ndiyo makosa. Kumfikisha mtoto akiwa hai mikononi mwa muuguzi au afisa wa serikali na kusema "siwezi kumlea, nisaidieni" si mojawapo.

Kwa upande mwingine ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hiyo inamtambua mtoto asiye na matunzo kuwa ni mtoto anayehitaji uangalizi na ulinzi, na inampa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kazi ya kumshughulikia, pamoja na mahakama pale inapobidi. Inaweka utaratibu wa malezi ya kambo, wa makao ya watoto na wa kuasili. Inasema pia kwamba mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Hebu tulitazame hilo la mwisho kwa makini. Msichana wa miaka 16 anapoingia ofisi ya ustawi akiwa amebeba kichanga, mbele ya sheria wameingia watoto wawili, na wote wawili wanastahili ulinzi. Mwalimu akilishika hili moja tu, hata sauti yake mbele ya darasa itabadilika.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Jimbo la Texas nchini Marekani lilipitisha mwaka 1999 sheria inayomruhusu mzazi kumwacha kichanga mahali maalumu kama hospitali bila kushtakiwa, na kufikia mwaka 2008 majimbo yote ya nchi hiyo yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Huku Afrika, Namibia iliweka kifungu kama hicho katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2015: mzazi anayemwacha mtoto mikononi mwa mtu aliyepo hospitalini, kituo cha polisi, shuleni au kwenye makao ya watoto hashtakiwi kwa kumtelekeza, mradi mtoto hana dalili za kuteswa. Marekani walijifunza upesi kwamba sheria nzuri ikibaki kwenye makabati ya wanasheria haimwokoi mtoto yeyote, kwa sababu anayeihitaji ni msichana mdogo aliyejificha ambaye hasomi magazeti ya serikali. Ndiyo maana jimbo la Illinois liliiingiza habari hiyo katika masomo ya afya shuleni.

Tanzania haijatunga sheria ya namna hiyo. Hatuna ahadi iliyoandikwa kwamba mama hataulizwa jina, wala kwamba polisi hawatahusishwa. Ninasisitiza hili kwa walimu: msimwahidi mwanafunzi kitu ambacho sheria haikumpa. Mwambieni ukweli, kwamba ataulizwa jina lake, ataulizwa umri wake, na kama hajafika miaka 18 ataulizwa mwanamume ni nani. Mwambieni pia ukweli wa upande wa pili: kwamba kuulizwa maswali ofisini akiwa na mtoto hai mikononi ni jambo tofauti kabisa na kuulizwa maswali kituoni baada ya mtoto kupatikana shimoni.

Hapo kwenye swali la mwanamume ndipo pagumu zaidi Simiyu, na sioni faida ya kupazunguka. Mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012, wenye watu 2,140,497 kwa sensa ya mwaka 2022, unaishi kwa pamba na ng'ombe. Shule za kata ziko mbali na vijiji vingi, kwa hiyo wanafunzi hupanga vyumba mitaani, wanavyoviita mageto, bila mtu mzima wa kuwaangalia jioni. Kwenye minada na njiani bado wapo vijana wanaoendeleza chagulaga, ile ya kumzunguka msichana na kumlazimisha achague mmoja wao. Binti akishika mimba, familia mbili hukutana kimyakimya na kuhesabiana ng'ombe, kwa sababu kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30 tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016. Anayeambiwa anyamaze ni binti. Baba anaona mahari imeshuka, mama anaona aibu ya kanisani au ya jirani, mwanamume anaona jela, na wote watatu hupata nafuu tumbo lisipoonekana. Msichana anayeficha mimba hadi mwisho mara nyingi anatii amri ya watu wazima, hata kama hakuna aliyeitamka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko nyumbani. Katika desturi za Wasukuma, mtoto aliyezaliwa kabla ng'ombe hawajatolewa ni wa upande wa mama, analelewa kwa babu yake mzaa mama na ana jina pale. Mzee wa Kisukuma hahitaji semina kulijua hilo. Anachohitaji ni kulisema mbele ya binti yake kabla halijatokea: "Mwanangu, mimi sipendi upate mimba ukiwa shuleni, na nitakasirika. Lakini kama itatokea, njoo kwangu kwanza. Mtoto wako ni mjukuu wangu." Maneno hayo hayamwagi sumu yoyote. Mama mwenye hofu kwamba akisema hivyo atakuwa ametoa ruhusa, ajiulize kama kuna msichana aliyewahi kushika mimba kwa sababu mama yake alimwambia hatamfukuza.

Hofu hiyohiyo ndiyo hukwamisha shule. Mwalimu akitaka kuzungumza juu ya kumkabidhi mtoto, atatokea mjumbe wa bodi aseme tunawafundisha watoto uhuni. Jibu lake ni kwamba somo hili halikai peke yake. Linakuja baada ya somo la kujikinga, la kukataa, la kutoa taarifa. Takwimu za afya ya uzazi za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wamewahi kupata mimba. Ni afadhali kuliko asilimia 27 ya miaka ya 2015 na 2016, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano. Katika darasa la wasichana 40 mwalimu hana haja ya kuuliza kama jambo hili linawahusu.

Namna ya kulifundisha ina uzito kuliko wingi wa vipindi. Msilitangaze mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, kati ya tangazo la ada ya mtihani na la usafi. Msichana mwenye mimba ya miezi minne akisikia neno hilo mstarini atainamisha kichwa na kuanza kuogopa kila anayemtazama. Tumieni klabu, kama zile za TUSEME au Fema pale zilipo, au kipindi cha unasihi, vikundi vya watu wachache. Semeni kwa mfano wa mtu mwingine: kuna dada wa kijiji jirani, ana miaka 17, mimba imefika miezi minane na hajamwambia mtu, afanye nini? Waacheni wanafunzi wajibu wenyewe kwanza. Mtashangaa wangapi watasema "atoroke Mwanza" au "anywe dawa za kienyeji", na hapo ndipo mtakapojua pa kuanzia. Wekeni sanduku la maswali lisilohitaji jina, na lifunguliwe na mtu ambaye wanafunzi hawamwogopi.

Mwaliko bora kuliko wote ni wa muuguzi mkunga wa zahanati iliyo karibu. Aje na koti lake, aeleze kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, ataje jina lake, aseme anapatikana wapi. Mwanafunzi akishaona uso wa mtu, zahanati inaacha kuwa jengo la kutisha. Ninaomba jambo moja kwa wauguzi, kwa heshima zote: yale maneno ya wodi ya wazazi, "ulipokuwa unafanya hukuona uchungu?", yaacheni. Msichana mmoja akitukanwa leba, habari inafika shuleni kabla yeye mwenyewe hajaruhusiwa kurudi nyumbani, na wenzake watano wanaamua watajifungulia porini.

Halafu kuna upimaji wa mimba wa kushtukiza, ambao shule nyingi zimeuzoea. Binafsi naona umefanya madhara. Wasichana wakijua wanapimwa ili waaibishwe, wenye mimba hawaji siku hiyo, na kesho yake hawaji tena, na mtu wa mwisho aliyekuwa na nafasi ya kuwasaidia anawapoteza. Kama shule inapima, iwe ni kwa faragha, na anayekutwa na mimba aunganishwe siku hiyohiyo na kliniki na ustawi wa jamii.

Ndani ya mlango wa choo cha wasichana, mahali pekee shuleni ambapo mtu husoma bila kutazamwa, bandikeni karatasi. Iandikwe kwa maneno machache: ukiwa na mimba na hujui umwambie nani, piga 116, ni bure. Hiyo ni huduma ya simu kwa mtoto ya taifa, na anayepokea amefundishwa kusikiliza na kuunganisha na ofisi ya ustawi. Chini yake liandikwe jina la zahanati, jina la mwalimu wa unasihi, na mahali ilipo ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Mkoa una halmashauri sita, Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na mwanafunzi wa Mwanhuzi, kule Meatu, hasaidiki kwa kuandikiwa ofisi iliyoko Bariadi. Karatasi ikichanwa, bandikeni nyingine bila kumtafuta aliyeichana.

Sasa niseme na wewe binti, kama gazeti hili limefika mikononi mwako na una sababu ya kulisoma mara mbili.

Nenda kliniki, hata kama mimba imekuwa kubwa, hata kama hujawahi kwenda. Kwa sera ya nchi yetu huduma za mama mjamzito katika vituo vya serikali hazilipiwi. Ukiwa pale, mwambie muuguzi mapema kwamba unaogopa hutaweza kumlea mtoto. Sema hivyohivyo, kwa maneno yako. Huhitaji maneno ya kisheria. Ukisema mapema, ustawi wa jamii watakuwa na muda wa kuzungumza na wewe na kujipanga, na wewe hutakuwa na uamuzi wa kufanya usiku wa manane ukiwa na maumivu. Kama leba imekukuta nyumbani au geto, mwite mtu yeyote wa kike aliye karibu, jirani, mwenye nyumba, mama muuza maandazi. Ukijikuta peke yako na mtoto ametoka, mkaushe kwa nguo safi, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike yeye na wewe, usimwogeshe, mpe ziwa. Usivute kitovu. Kisha mwende kituo cha afya wote wawili, kwa maana damu ya baada ya kujifungua inaua haraka na wewe pia una haki ya kuishi. Zahanati ikiwa imefungwa, nenda kwa mtendaji, kwa mwenyekiti wa kitongoji, au kituo cha polisi uombe Dawati la Jinsia na Watoto. Mweke mtoto mikononi mwa mtu. Usimwache mlangoni au barabarani kwa matumaini kwamba atakayepita ni mwema. Mbwa na baridi hupita kabla yake.

Utauliza, baada ya hapo nini? Wewe utatibiwa. Mtoto atapimwa na kunyonyeshwa au kupewa maziwa. Afisa ustawi atakuja kuzungumza na wewe, na atataka kujua kama kuna ndugu, bibi au shangazi, anayeweza kumlea, maana sheria yetu hutanguliza familia. Kama nyumbani ndiko kulikotokea hatari, kwa mfano aliyekupa mimba ni ndugu, mwambie waziwazi. Hawezi kukulinda na asichokijua. Asipopatikana ndugu, mtoto anaweza kupelekwa kwa familia ya kuaminika iliyokwisha kuchunguzwa, au kwenye makao ya watoto. Kwa kanda yetu ya ziwa yapo makao ya vichanga jijini Mwanza, na serikali ina makao yake Kurasini, Dar es Salaam, na Kikombo, Dodoma. Kumkabidhi siku ya kwanza hakumaanishi umempoteza siku hiyohiyo. Kuasili hufanywa na mahakama, na mzazi anayejulikana alipo huombwa ridhaa yake. Ukijulikana, una sauti. Mama aliyekimbia usiku hana.

Shuleni pia unaweza kurudi. Mwezi Novemba 2021 serikali iliondoa zuio la wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua, na utaratibu wa kuwarejesha katika shule za kawaida umetolewa, ndani ya miaka miwili tangu kukatiza masomo. Ikiwa darasa la zamani linakuchoma moyo, kuna njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi kama kile cha Malampaka, Maswa. Mkuu wa shule anayesema "hapa hatupokei wazazi" anakwenda kinyume na mwongozo wa wizara yake, na mzazi wako au afisa ustawi anaweza kumwambia hivyo akiwa na nakala mkononi.

Nirudi kwa watu wazima kwa jambo linaloniuma. Kichanga kikishaokotwa, msifanye msako wa kuwapanga wasichana mstari na kuwakamua matiti kutafuta mwenye maziwa. Ni udhalilishaji wa mwili, unawavunjia heshima wasichana 200 ili kumpata mmoja, na ni tangazo kwa kila mwenye mimba ya siri kwamba jamii hii itamwinda. Sungusungu na walinzi wa mtaa wana kazi nzuri ya kufanya usiku huo: kumkimbiza mtoto hospitali akiwa amefunikwa vizuri, kulinda eneo, na kumwita afisa ustawi pamoja na polisi. Kumtafuta mama ni kwa ajili ya uhai wake kwanza, kwa sababu huenda yuko mahali anavuja damu. Tena Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Jirani aliyeliona tumbo mwezi wa saba na kunyamaza alikuwa na wajibu kabla ya sisi sote.

Wavulana wasitolewe nje wakati wa somo hili. Wafundishwe kando mara ya kwanza, kisha pamoja na wasichana. Mvulana wa kidato cha tatu ana dada, ana mpenzi, ana rafiki anayemsimulia mambo, na mara nyingi ndiye mtu pekee anayejua siri. Akijua 116 na akijua zahanati inapokea bila kutukana, anaweza kuwa yeye anayemsindikiza kwa baiskeli. Wanaume wa bodaboda vilevile, ambao hubeba wasichana wengi kuliko walimu wanavyodhani. Sibuka FM ya Maswa inawafikia kijiweni, na kipindi kimoja pale chenye muuguzi na afisa ustawi kitasikika mbali kuliko mabango kumi.

Kabla mwalimu hajasimama mbele ya wanafunzi, kuna kazi moja ya miguu. Aende mwenyewe zahanati na ofisi ya ustawi, aulize wanafungua saa ngapi, nani hupokea mtu akija saa nane usiku, na binti akifika na mtoto asiye na kadi ya kliniki wanaanzia wapi. Aipige 116 kwa simu yake mwenyewe na asikilize inavyopokelewa. Kama mlinzi wa getini ndiye wa kwanza kumwona msichana huyo usiku, basi mlinzi naye aelezwe, kwa jina lake, kwamba akija binti na kichanga asimuulize chochote, amfungulie tu na kumwita muuguzi.